Ada ya Chuo kwa Saa za Msaragambo

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Fedha katika harambee ya mwaka ya chama, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu, wazee wetu mliopanda basi kutoka Same na Mwanga kuja kukaa nasi leo, mama zetu, ndugu wanachama na wageni waalikwa,

 

Tumepewa dakika ishirini, na wahasibu hatupendi kuvuka bajeti. Kwa hiyo tutasema jambo moja tu, tutalieleza kwa hesabu, kisha tutawaachia ninyi uamuzi.

Jambo lenyewe ni hili. Tunaomba chama chetu kianzishe mfuko utakaomwezesha kijana wa Upare kupata ada ya chuo kwa saa za kazi alizowatumikia watu wa kijiji chake. Hautakuwa mkopo, wala hautakuwa sadaka. Yatakuwa malipo ya kazi iliyofanyika, ikahesabiwa, ikakaguliwa, na fedha yake ikaenda moja kwa moja chuoni.

Ndugu wanachama,

Tuanze na mahali ambapo mtoto wetu anakwama. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo kubwa, na wengi wetu hapa tuliosoma enzi za ada tunajua uzito wake. Kwa wanaoingia chuo kikuu ipo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya kozi za stashahada nazo zimeanza kupata mikopo hiyo.

Lakini angalieni nani anabaki nje. Yupo aliyepata mkopo wa sehemu tu, akaambiwa kiasi kilichobaki ajazie mwenyewe. Yupo wa stashahada ambaye kozi yake haimo kwenye orodha. Yupo wa ngazi ya cheti, ambaye kwake mlango huo haupo kabisa, ingawa ndiye atakayerudi kuwa mhudumu wa zahanati, fundi wa maji au karani wa ushirika. Vijana hao ndio wanaotuandikia barua. Barua nyingi humfikia katibu Septemba na Oktoba, wakati mjomba ameshachangia, shangazi ameshachangia, mbuzi ameshauzwa, na tarehe ya usajili imebaki wiki mbili.

Kamati ikikaa na barua hizo, huwa na njia mbili, na zote zinauma. Njia ya kwanza ni kuchagua mmoja na kuwaacha wengine. Njia ya pili ni kugawa kidogo kidogo ili kila mmoja apate chochote. Ukigawa laki sita kwa vijana kumi na wawili, kila mmoja anapata elfu hamsini. Kwenye vitabu inasomeka kwamba vijana kumi na wawili wamesaidiwa. Kwenye ofisi ya usajili ya chuo, hakuna hata mmoja aliyeingia.

Sasa tupande mlimani, tuangalie upande wa pili wa daftari.

Kijana anamaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Matokeo yanatoka Julai. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Aliyeitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria anakwenda kwa miezi yake na kurudi. Wengine wako nyumbani. Na aliyeko chuoni tayari ana likizo ndefu kila mwaka. Kijana huyu anajua logariti, anajua kemia, anajua kuandika ripoti na kutumia kompyuta. Na katika kijiji hichohicho kuna darasa la kidato cha pili ambalo hesabu inawashinda, kuna rejista za zahanati zilizorundikana, kuna jumuiya ya watumia maji ambayo vitabu vyake vya makusanyo havijafungwa, kuna mfereji uliojaa tope. Kazi ipo, mfanyakazi yupo, na haja ya fedha ipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuviunganisha.

Wazee wetu,

Utaratibu huo hatuendi kuuazima mbali. Upare tunao msaragambo. Ikipigwa mbiu, kila kaya inatoa mtu, na kazi inafanyika: barabara, darasa, mfereji. Na tuna ndiva, bwawa letu dogo la kienyeji. Maji ya kijito yanakusanywa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani, na kila mwenye haki anapata zamu yake. Wazee mnajua zaidi yetu kwamba zamu ya maji na jembe la kuzibua mfereji vinakwenda pamoja. Anayeshiriki kuusafisha ndiye mwenye sauti ya kudai maji. Hakuna anayemwita mtu huyo ombaomba, kwa sababu amekuja kuchukua haki yake.

Tunachoomba ni kuifanya ada iwe kama zamu ya maji.

Ndugu wanachama,

Kabla ya kuwaletea pendekezo hili tulitazama wengine waliofanya jambo la namna hii, ili tujue lilifaa wapi na lilikwama wapi. Tutataja mifano mitatu. Mmoja ni wa Marekani, miwili ni ya kwetu wenyewe.

Marekani kuna mpango unaoitwa AmeriCorps. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Bill Clinton Septemba 1993, na vijana wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Mtu anatumikia jamii kwa saa 1,700 ikiwa ni muda kamili: anafundisha watoto kusoma, anajenga nyumba za watu wa kipato cha chini, anasaidia baada ya mafuriko. Wakati wa utumishi anapewa posho ndogo ya kujikimu. Akimaliza, anapata tuzo ya elimu. Kwa mwaka wa fedha 2024 tuzo ya muda kamili ilikuwa dola 7,395. Aliyetumikia saa chache ana tuzo ndogo zaidi, kwa kadiri ya saa zake.

Kwa jicho la mhasibu, mpango huo una mambo manne ya kuiga. La kwanza, tuzo haiingii mfukoni mwa kijana. Inalipwa chuoni, au kwa aliyemkopesha fedha za masomo. La pili, ana miaka saba ya kuitumia, kwa hiyo aliyeumwa au aliyepata dharura hapotezi jasho lake. La tatu, ni marufuku kumtumia kuchukua nafasi ya mwajiriwa anayelipwa mshahara. La nne, tangu sheria ya mwaka 2009, mtu aliyeanza utumishi akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi anaweza kuihamishia tuzo yake kwa mtoto au mjukuu. Mama zetu mnaotusikiliza, shikeni hilo la nne, tutalirudia.

Lakini lipo na la kujihadhari nalo. Mwaka 2002 mpango huo uliandikisha watu wengi kuliko tuzo ambazo mfuko wake uliweza kuzilipia. Uandikishaji ukasimamishwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 2003 Bunge lao likapitisha sheria ya kuweka sawa hesabu hizo, kwamba ahadi ya tuzo iingizwe vitabuni mapema, na siyo siku kijana atakapokuja kudai. Sisi wa ndiva tunalielewa hilo bila mwalimu. Hufungui maji kabla bwawa halijajaa. Ukifungua, shamba la juu linalowa, la chini linakauka, na ugomvi unaanza.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, na wazee wengine mliopo mnaukumbuka. Mwaka 1966 serikali ilipanga kwamba wahitimu wa sekondari na wa vyuo watumikie taifa kwa lazima kwa miaka miwili. Sehemu ya muda huo ilikuwa kambini, na sehemu kubwa iliyobaki walitakiwa kufanya kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga. Kati ya hoja zao, ilikuwamo hii: kwa nini sisi tubebe mzigo, na wakubwa wabaki na mishahara yao minono? Mwalimu Nyerere alikasirika, na karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Wengi walirejea chuoni baadaye. Lakini hoja ya mishahara hakuipuuza. Palepale alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Hapa hatuamui nani alikuwa na haki siku ile. Tunachukua somo moja: huwezi kumwambia kijana atumikie wakati wewe umekaa. Akiona mkubwa hajashika jembe, jembe lake litakuwa zito mara mbili.

Mfano wa tatu ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Liliagiza kwamba aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia chuo kikuu, na apate pendekezo la anakofanya kazi. Nia ilikuwa njema: msomi ajue kazi na awajue watu. Lakini kusubiri kwa miaka kuliwaumiza wasichana kuliko wavulana. Wengi waliolewa au wakafungwa na majukumu ya nyumbani kabla zamu ya chuo haijafika, na haikuchukua muda mrefu wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Somo lake ni kwamba utumishi usiwe ukuta wa kumchelewesha mtoto. Uingie katika muda ambao tayari uko wazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Kutokana na masomo hayo, hili ndilo pendekezo la kamati.

Kila kijana atakayechaguliwa atatumikia saa 240. Ni siku nne kwa wiki, saa sita kwa siku, kwa wiki kumi. Kazi itaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa nane mchana, ili binti ambaye nyumbani anategemewa kuteka maji na kupika asikose nafasi, na mwenye shamba asilitupe. Anayesubiri kwenda chuo atatumikia kabla ya chuo kufunguliwa. Aliyeko chuoni atatumikia wakati wa likizo ndefu. Anayeitwa JKT atakwenda JKT kwanza, na nafasi yake itamsubiri. Wote wawe wametimiza miaka 18.

Kwa kila saa moja chama kitaweka shilingi 2,500 kwa jina lake. Saa 240 zinafanya shilingi 600,000. Tukichukua mfano wa ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, amejipatia nusu. Nusu nyingine itafutwe na familia, au mkopo wa sehemu alioupata. Mwakani akitumikia tena, anapata tena. Kijana wa kozi ya miaka mitatu anaweza kujilipia nusu ya ada yake yote bila kudaiwa na mtu. Tuliowahi kukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa Bodi tunajua maana ya maneno hayo, bila kudharau mkopo uliotufikisha hapa.

Fedha haitapita mkononi mwa kijana, wala mkononi mwa mzazi, wala mkononi mwetu. Ataleta namba ya malipo aliyopewa na chuo, mweka hazina atalipa, na risiti itaingia kwenye jalada lake. Atakachopewa mkononi ni shilingi 3,000 kwa siku ya kazi, kwa ajili ya chakula na nauli. Hilo tumeliweka kwa makusudi. Kijana maskini kabisa hawezi kufanya kazi wiki kumi akiwa na njaa kwa ahadi ya Oktoba. Bila posho hiyo, mpango ungewafaa tu wale ambao kwao kuna ugali wa uhakika.

Atafanya kazi gani? Tumezungumza na wazee wetu wa nyumbani, na tumeanza na nne. Kufundisha hisabati na sayansi kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne nyakati za ziada, chini ya mwalimu wa somo. Kusaidia jumuiya za watumia maji kuandika vitabu vya makusanyo na kusoma mita. Kupanga majalada na rejista zisizo za siri katika zahanati, chini ya mganga mfawidhi. Na kutunza vitalu vya miche na kuzibua mifereji na ndiva, pamoja na wanakijiji katika siku zao za msaragambo. Kijana mwenye ulemavu atapangiwa kazi inayomfaa, na saa yake itakuwa na thamani ileile.

Ambacho hatafanya ni kazi ya mtu anayestahili mshahara. Hatakuwa mwalimu wa bure badala ya mwalimu, wala mlinzi wa bure badala ya mlinzi. Siku tutakapoona shule imemwondoa kibarua wake kwa sababu vijana wetu wapo, tutawaondoa vijana wetu.

Saa zitahesabiwaje? Kila kijana atakuwa na daftari. Kila siku ataandika alichofanya na muda aliotumia. Msimamizi wa mahali pa kazi atatia sahihi siku hiyohiyo, siyo mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Kila wiki mbili mjumbe wetu wa kata atapita kuhakiki. Mwisho wa wiki kumi saa za kila mmoja zitasomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu waliomwona akifanya kazi au akikosa. Ndugu zangu, hakuna mkaguzi mkali kama huyo. Kampuni ya ukaguzi inaweza kudanganywa kwa karatasi. Bibi aliyepita mferejini kila asubuhi akienda shambani hadanganyiki.

Na uchaguzi wa vijana usiwe wetu peke yetu. Majina yatapendekezwa kijijini na kubandikwa ubaoni kwa siku kumi na nne ili mwenye pingamizi aseme. Mjumbe wa kamati ambaye mtoto wake au ndugu yake ameomba atatoka nje ya kikao wakati jina hilo linajadiliwa, na kutoka kwake kutaandikwa kwenye muhtasari.

Ndugu wanachama,

Sasa hesabu, kwa sababu ndizo zilizotuleta hapa leo. Tunaomba kuanza na vijana 20.

Ada: vijana 20 kwa shilingi 600,000, ni shilingi 12,000,000. Chakula na nauli: siku 40 kwa shilingi 3,000 ni 120,000 kwa kijana, na kwa vijana 20 ni shilingi 2,400,000. Madaftari, majembe, glavu, chaki, na nauli za wahakiki: shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 15,000,000. Kwa fedha hiyo vijiji vyetu vinapata saa 4,800 za kazi, na vijana 20 wanapata nusu ya ada ya mwaka.

Fedha hii itakaa kwenye akaunti yake, mbali na ya misiba na mbali na ya uendeshaji wa chama, na itahitaji sahihi tatu. Hatutamwandikisha kijana hata mmoja ambaye ada yake haijaingia kwenye akaunti hiyo. Harambee ya leo ikitoa fedha ya vijana 11, tutaandikisha 11, na tutawaambia wengine tisa ukweli mapema, Juni, wakati bado wana nafasi ya kutafuta kwingine. Ahadi za leo zisizolipwa hatutazihesabu kama fedha. Mtuwie radhi kwa hilo, lakini ahadi haikubaliki kwenye dirisha la malipo ya chuo.

Yapo maswali ambayo tumekwishaulizwa, na ni ya haki tuyajibu hapa mbele ya wote.

Swali la kwanza: je, siyo kuwaonea maskini, kwamba mtoto wao ashike jembe ndipo asome, wakati mtoto wa mwenye nacho analipiwa tu? Tumelijadili hili kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, msaada usio na masharti unabaki. Yatima asiye na mtu, anayemuuguza mzazi, aliye mgonjwa mwenyewe, hao hatuwadai saa, na fungu lao la sasa halitaguswa. Pili, mlango huu uko wazi kwa watoto wetu wa Dar es Salaam pia. Mtoto aliyezaliwa Mbezi au Tabata, asiyejua hata njia ya kwenda kwa babu yake, tunamkaribisha apande mlima afundishe hesabu wiki kumi. Mzazi wake mwenye uwezo atailipia nafasi hiyo mwenyewe, ili asipunguze ya mwingine. Daftari la saa litakuwa moja, na usomaji kijijini utakuwa mmoja.

Swali la pili: wakishasoma watarudi? Hatuwezi kumfunga mtu kamba, na wengi wetu tuliomo ukumbini ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuhama na bado asitupe kwao. Tunachosema ni kwamba kijana huyu amekwisha kurudisha kabla hajaondoka. Mfereji alioufungua unapitisha maji hata akienda Mwanza. Mtoto aliyemfundisha milinganyo amekwisha kufaulu.

Swali la tatu limetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha tangawizi. Aliuliza: kijana wangu yuko chuoni mbali, hana nauli ya kurudi kutumikia, je, mimi nikifanya kazi hizo, saa zangu zitahesabiwa kwake? Tumeona swali hilo ni zuri kuliko mapendekezo yetu mengi. Wamarekani wanamruhusu mzee wa miaka 55. Sisi tunapendekeza kwamba katika kila nafasi tano, moja iwe ya mzazi au mlezi wa umri wowote, atumikie kwa jina la mwanafunzi. Mama anayejua kutunza kitalu cha miche hana haja ya kidato cha sita ili saa yake iitwe saa.

Ndugu wanachama, tumebakiza jambo moja, na ni letu wenyewe tuliokaa hapa.

Tulisema kwamba mkubwa asiyeshika jembe hana kauli. Kwa hiyo kamati inapendekeza kila mwanachama wa chama hiki atoe saa nane kwa mwaka, bila malipo, kwa kazi anayoijua. Desemba tunakwenda nyumbani, tunakula makande, tunasalimia, tunarudi. Katika siku hizo, siku moja iwe ya kazi. Daktari apime wazee presha. Mwanasheria akae na watu wenye migogoro ya mipaka. Fundi umeme atazame nyaya za shule. Mwalimu akae na kidato cha nne. Sisi wahasibu tumekwisha kujiandikisha kukagua vitabu vya vikundi na vya jumuiya za maji, na daftari letu la saa litasomwa kijijini pamoja na ya vijana. Asiyeweza kwenda, kwa sababu ya kazi au afya, alipe thamani ya saa nane kwa kiwango kilekile cha vijana: shilingi 20,000.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kadi za ahadi ziko mezani. Tumeziandika kwa siku za kazi ili kila mtu aone anachonunua. Shilingi 18,000 ni siku moja ya kijana mmoja, ada yake na chakula chake. Shilingi 72,000 ni wiki moja. Shilingi 720,000 ni kijana mmoja mzima, wiki kumi. Watu wanne mkiungana, kila mmoja shilingi 180,000, mmemfikisha mtoto wa mtu kwenye nusu ya ada. Chagueni kiasi chenu, lipeni leo mkiweza, na chukueni stakabadhi. Anayelipa kwa simu asubiri ujumbe wa uthibitisho kabla hajaondoka mezani.

Mwakani, katika kitabu cha harambee kama hiki, mtaona ukurasa wenye jedwali moja: jina la kijiji, idadi ya vijana, saa zilizotumikiwa, kazi iliyofanyika, fedha iliyolipwa chuoni, na salio. Kama saa hazikutimia, itaandikwa hazikutimia. Mkiona namba hazilingani, tuulizeni mbele ya watu, kama tunavyosimama mbele yenu leo.

Mbiu imepigwa. Jembe ni la kila kaya.